Bunduki ya Babu na Kartushi ya Leo



Msimu wa mahindi kukomaa tulipita katika vijiji kadhaa vya jimbo la Tanganyika, upande wa milima ya Moba, kuona namna wakulima wanavyolinda mazao yao. Shida munaijua: mchana ni nyani, usiku ni nguruwe wa pori. Kundi moja la nguruwe likiingia kwenye muhogo usiku mmoja, familia inalala njaa miezi. Njo maana karibu kila kijiji tulichofika, tulikuta mlinzi mmoja au wawili wenye bunduki ya kalibre 12, tena ya zamani, iliyoachwa na baba au babu.

Katika kijiji kimoja mlinzi alitupokea kwa mkono wa kuume tu. Mkono wa kushoto alikuwa ameuficha chini ya koti. Baadaye, tulipokwisha kula, akautoa. Vidole viwili havipo.

«Miye nilifikiri bunduki iko sawa,» alituambia. «Mbele ilikuwa inanipiga bega sana. Nikabadilisha kartushi, nikanunua za nyepesi. Bega likapona. Nikasema, sasa bunduki inapumzika. Kumbe ilikuwa inanidanganya. Ile siku minakumbuka paka moshi na sauti.»

Maneno hayo yalitusumbua njia nzima ya kurudi. Tulimwomba fundi wa bunduki mwenye miaka mingi ya kazi atueleze. Tumeandika habari hii kwa sababu kosa la mlinzi yule ni kosa ambalo wengi wetu tungelifanya. Aliamini bega lake. Lakini bega halipimi kila kitu.

Nguvu mbili, si moja

Ukifyatua bunduki, iko mambo mawili yanayofanyika, na watu wengi wanayachanganya.

La kwanza ni mgandamizo wa ndani. Baruti ikiwaka inageuka hewa ya moto kali. Hewa hiyo inataka nafasi na nafasi haipo, basi inasukuma pande zote: mbele inasukuma punje za risasi, nyuma inasukuma kitako cha kartushi, na pembeni inasukuma chuma cha mtutu. Mafundi wanapima mgandamizo huo kwa baa. Tairi ya pikipiki inajazwa karibu baa 2. Kartushi ya kawaida ya kalibre 12, kwa kanuni za kimataifa zinazotumiwa Ulaya, inaruhusiwa kufika baa 740. Zile zenye nguvu zaidi, zinazoitwa magnum, zinaweza kufika baa 1050. Hesabuni wenyewe: kartushi ya kawaida ni zaidi ya mara 300 ya tairi ya pikipiki, ndani ya bomba ambalo mkono wako umelishika.

Nguvu hiyo haikai. Inafika juu kabisa punje zikiwa bado zinaanza safari, katika chumba cha kartushi na sentimita chache mbele yake, kisha inashuka. Njo maana mtutu umetengenezwa mnene kwa nyuma na mwembamba kwa mbele. Na njo maana bunduki ikipasuka, mara nyingi inapasukia karibu na mkono wa kushoto, ule unaobeba mtutu.

La pili ni pigo la bega. Punje zikienda mbele, bunduki inarudi nyuma. Pigo hilo linatokana na vitu vitatu: uzito wa punje na kizibo pamoja na baruti, mwendo wake, na uzito wa bunduki yenyewe. Mgandamizo haumo katika hesabu hiyo.

Tuchukue mfano. Bunduki ya kilo 3, punje za gramu 28, mwendo wa mita 390 kwa sekunde. Bunduki itarudi nyuma kwa mwendo wa mita 4 na kidogo kwa sekunde. Weka gramu 36 kwa mwendo uleule, nguvu ya pigo inapanda kama mara moja na nusu. Weka gramu 50, pigo linakuwa karibu mara tatu ya lile la gramu 28, hata kama uzito wa punje haukufika mara mbili. Bega linasikia tofauti hiyo mara moja. Mbao ya kitako nayo inaisikia.

Lakini sasa sikilizeni vizuri. Kiwanda kikitengeneza kartushi nyepesi ya gramu 28, mara nyingi kinatumia baruti inayowaka upesi zaidi, kwa sababu mzigo mwepesi unakimbia haraka na baruti ya polepole haipati muda wa kuwaka vizuri. Basi kartushi nyepesi inaweza kuwa na mgandamizo sawa na ile nzito, au kuupita. Bega linasema: «Afadhali.» Mtutu unasema neno lingine, lakini hatuna sikio la kuusikia.

Hilo njo lililompata mlinzi wetu. Gramu zilipungua, bega likapona, mgandamizo ukabaki palepale.

Urefu ambao macho hayauoni

Fundi alipochukua vipande vya bunduki ile alianza kupima chumba cha kartushi. Kilikuwa cha milimita 65. Kartushi zilizobaki kwenye boksi zilikuwa zimeandikwa 12/70.

Mtu atauliza: kama kartushi ni ndefu kuliko chumba, iliingiaje? Hapa njo penye mtego. Namba 70 ni urefu wa gamba la kartushi likiwa limefunguka, baada ya kufyatuliwa. Kabla ya hapo mdomo wake umekunjwa, kwa hiyo ni fupi. Inaingia bila shida, bunduki inafunga vizuri, hakuna kinachokwaruza. Ukifyatua, mdomo unakunjuka, na hauna mahali pa kukunjukia, kwa sababu chumba kimekwisha. Unaingia kwenye koo, pale mtutu unapoanza kuwa mwembamba. Punje na kizibo vinalazimika kupita katika koo lililobanwa. Ni kama maji ya mfereji: ukiweka jiwe mahali pembamba, maji yanapanda nyuma yake. Mgandamizo unapanda vilevile.

Bunduki nyingi za kalibre 12 zilizotengenezwa Ulaya zamani zina chumba cha 65. Zile za baadaye zina 70, na za magnum 76. Namba 12 peke yake haikuambii urefu, wala nguvu. Maana yake ni ya zamani sana: ukigawa ratili moja ya risasi, yaani gramu 453, katika mipira 12 iliyo sawa, mpira mmoja unaenea katika mtutu huo. Basi ni kipimo cha upana tu. Watu wawili wanaweza kusema «miye niko na kalibre 12», na kumbe kartushi ya mmoja ni hatari katika bunduki ya mwenzake.

Je, kartushi ya 70 katika chumba cha 65 inapasua bunduki siku ileile? Mara nyingi hapana. Na hiyo njo hatari yake. Unafyatua leo, inapita. Kesho inapita. Unamwambia jirani: «Hakuna neno.» Lakini chuma kinachoka, na kila mara kinabaki na nguvu kidogo kuliko jana.

Kutu, mke mwenza wa baruti

Fundi alitazama ndani ya kipande cha mtutu akatuonyesha. Kulikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Hivyo ni vidonda vya kutu.

Babu zetu walikuwaka wanatumia baruti nyeusi. Masizi yake yanavuta unyevu wa hewa, na bunduki isiposafishwa siku ileile, kutu inaanza usiku. Kwetu, kwenye mvua ya miezi mingi na nyumba za majani, kutu haipumziki. Kila kishimo ni mahali ambapo chuma kimepungua. Mtutu ulioanza na unene wa kutosha unabaki na unene wa bahati.

Iko tena jambo la aina ya baruti. Baruti isiyo na moshi ilianza Ufaransa mwaka 1884, kazi ya Paul Vieille, na viwanda vya bunduki za kuwindia vilichukua miaka kadhaa kuizoea. Bunduki za mbele ya hapo zilitengenezwa kwa baruti nyeusi, ambayo tabia yake ni tofauti. Mitutu mingine ya wakati ule ni ya damasi: fito za chuma na feleji zimesokotwa pamoja, zikazungushwa kwenye nondo na kugongwa kwa moto mpaka zishikane. Ukiutazama utaona michoro kama ukili uliosukwa. Ni kazi nzuri ya mikono, lakini katika msuko ule kutu inaweza kuingia mahali jicho halifiki. Ukiona michoro hiyo kwenye bunduki ya babu, usiweke kartushi ya kisasa. Itundike ukutani, iwe kumbukumbu.

Basi katika bunduki ya mlinzi wetu mambo matatu yalikutana: chumba kifupi, kutu ya miaka, na kartushi ndefu yenye mgandamizo mkubwa. Kila moja peke yake pengine lingesamehewa. Yote matatu pamoja hayakusamehe.

Kitako kilichofungwa kwa mpira

Pigo la bega nalo lina madhara yake, hata kama halipasui mtutu. Katika vijiji tulivyopita tuliona bunduki nyingi zilizofungwa kwa mpira wa ndani wa tairi, nyingine kwa waya. Mpasuko karibu kila mara uko mahali pamoja: nyuma ya chuma, pale mbao inapokuwa nyembamba ili mkono uishike.

Sababu ni hii. Kila pigo, chuma kinasukuma mbao. Mbao ya miaka sitini imekauka. Pengine mafuta ya kusafishia yamenywewa na mbao hiyo miaka yote, imekuwa laini kama mbao iliyooza. Chuma kikipata nafasi ya kucheza hata kidogo, hakisukumi tena, kinagonga, sawa kabari inayopasua kuni.

Vilevile bawaba ya bunduki, pale inapokunjika, inalika. Bunduki ikiwa imefungwa na tupu, itikise karibu na sikio. Ikicheza au ikilia, au ukiona mwanga kati ya mtutu na chuma cha nyuma, kitako cha kartushi hakishikwi tena vizuri. Hewa ya moto inaweza kurudi usoni kwako.

Kwa hiyo tusiseme bega halina maana. Bega linatuambia habari ya mbao na bawaba. Habari ya mtutu inatoka kwenye kipimo, alama na jicho la fundi.

Soma alama kabla ya kununua

Bunduki nyingi za zamani katika nchi yetu zilitoka Ubelgiji, hasa Liège. Mji huo una nyumba ya kujaribia bunduki tangu mwaka 1672. Huko kila mtutu ulifyatuliwa kwa kartushi ya nguvu kupita ile ya kawaida, na ukivumilia unapigwa mhuri. Mhuri huo ni kama kitambulisho cha bunduki.

Bunduki ikiwa tupu, ondoa mbao ya mbele, pindua mtutu, utazame chini yake karibu na chumba. Tafuta mambo mawili:

— Namba za chumba, kwa mfano 12-65 au 12-70. Hizo njo zinazoamua kartushi gani uweke. Usipoziona, usikisie. Hesabu kwamba ni fupi mpaka fundi apime.

— Herufi PV pamoja na simba. Katika bunduki za Liège, hiyo ni alama kwamba mtutu umejaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Kama haipo, usiweke kartushi ya kisasa kabla fundi hajaitazama.

Kumbukeni kwamba mhuri unasema habari ya siku ile bunduki ilipojaribiwa. Hausemi habari ya kutu ya miaka hamsini iliyofuata.

Kisha geukia boksi la kartushi. Soma urefu (65, 67,5, 70 au 76), soma gramu. Kartushi fupi inaweza kutumika katika chumba kirefu. Ndefu katika chumba kifupi, hapana. Kwa bunduki nzee iliyopita kwa fundi, yafaa gramu 24 mpaka 28, katika urefu wa chumba chake. Viko viwanda vinavyotengeneza za 65 kwa ajili ya bunduki hizo, zenye mgandamizo wa chini. Muuzaji akikuambia «zote ni moja», rudisha pesa mfukoni.

Na bunduki zinazotengenezwa kijijini kwa bomba? Tuseme wazi: hakuna aliyejaribu bomba hilo. Bomba la maji lilitengenezwa kwa maji.

Makosa tuliyoyaona kwa macho

Kujaza kartushi upya kwa vipande vya vyuma, misumari au nta. Mzigo unakuwa hauna kipimo, vyuma vinakwaruza mtutu au kukwama. Watu wamekufa kwa jambo hili. Tuache.

Kuanika kartushi juu ya moto wa jikoni. Joto linaharibu baruti na linaweza kupandisha mgandamizo. Unyevu nao unaidhoofisha. Weka kartushi katika kopo lenye mfuniko, mahali pakavu, mbali na moto na mbali na watoto.

Kufyatua tena baada ya mlio dhaifu. Kartushi iliyolowa inaweza kusema «puf» na kuacha kizibo katikati ya mtutu. Ukifyatua nyingine nyuma yake, mtutu unavimba au unapasuka. Mlio ukiwa dhaifu, simama, toa kartushi, tazama ndani mpaka uone mwanga safi. Na kama haikulia kabisa, elekeza mtutu mahali salama, hesabu dakika nzima, halafu ndipo ufungue.

Kuegemeza bunduki ukutani wiki nyingi bila kuitazama. Nyigu wanapenda tundu lile, wanajenga kwa udongo. Udongo kidogo unatosha kupasua mtutu.

Kuchanganya kalibre mfukoni. Kartushi ya kalibre 20 inateleza ndani ya mtutu wa 12, inakwama mbele. Mtu anafikiri hakuweka kitu, anaweka ya 12 nyuma yake. Viwanda hupaka za 20 rangi ya njano kwa sababu hii. Usiku rangi haionekani, basi beba aina moja tu.

Kupeleka mtutu kwa mhunzi auchomelee. Moto wa kuchomelea unaharibu ugumu wa chuma karibu na chumba, pale penye kazi kubwa. Kitako kinaweza kutengenezwa kijijini. Mtutu, hapana.

Koperative ifanye nini?

Kwanza, sheria. Ordonansi namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 ndiyo inayotawala silaha na risasi katika nchi yetu, na kuwa na bunduki kunadai kibali. Sheria ya uwindaji namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 nayo inahusu wanyama. Bunduki isiyo na kibali ni mzigo kwa mwenye nayo na kwa koperative nzima. Walinzi wenye vibali ndio tunaozungumza nao hapa.

Pili, komite iandike katika daftari moja: kila mlinzi, urefu wa chumba cha bunduki yake, alama zilizopo, na siku fundi alipoitazama mara ya mwisho. Wakati wa kununua kartushi, komite ifuate chumba kifupi kuliko vyote. Kama bunduki nne ni za 70 na moja ni ya 65, nunueni za 65 kwa wote. Hazitamdhuru mwenye 70, na usiku hakuna atakayekosea.

Tatu, changeni pesa mara moja kwa mwaka, mbele ya msimu, mulete fundi apime zote siku moja. Mlinzi yule alituambia kwamba pesa alizotumia hospitali zingelilipia fundi miaka mingi. Na bunduki ambayo fundi ameikataa, ikubaliwe kwamba imekufa. Ni vigumu, maana ni mali ya babu. Lakini babu hakuiacha ili itule mikono.

Nne, bunduki isiwe ulinzi wa kwanza. Vibanda vya zamu, madebe ya kupiga kelele, moto wa usiku, kupanda muhogo mchungu upande wa pori, kulima mashamba yakigusana ili zamu moja ilinde watu kumi: hayo tuliyaona yakifanya kazi, na hayana mgandamizo wowote.

Tulipoagana, mlinzi yule alikuwa anaenda zamu. Sasa anabeba debe na fimbo, kijana wa dada yake anabeba bunduki nyingine, iliyopimwa na fundi. Tulimwuliza kijana chumba chake ni cha ngapi. Akajibu bila kufikiri: «Sitini na tano. Na boksi ni la sitini na tano. Mjomba anaisoma kila jioni mbele sijatoka.»

Ya kuzungumza kwenye mkutano wenu

1. Nani katika koperative yetu anajua urefu wa chumba cha bunduki yake, na nani anakisia?
2. Kartushi tunazinunua wapi, na nani anasoma boksi?
3. Iko bunduki gani kati yetu ambayo inatakiwa kupumzishwa kabla ya msimu huu?